Kijitabu cha namba za simu ni mali ya nani?

Haya, nimeombwa nizungumzie wanadiplomasia wanaogeuka mabosi wa makampuni makubwa, na walionialika wanajua kabisa nitaanza na nani maana wameshanisikia mara nyingi, mnivumilie tu. Naanza na Étienne Davignon wa Ubelgiji. Wasifu wake mnao kwenye simu zenu, sitausoma wote. Kazaliwa Budapest 1932, familia ya mabalozi, kaingia wizara ya mambo ya nje 1959, kapanda kapanda hadi kawa kamishna wa Ulaya, yaani kama waziri wa Jumuiya ya Ulaya, 1977, kamaliza 1985, na mwaka uleule 1985 kaingia Société Générale de Belgique, kampuni kubwa iliyokuwa na hisa kwenye makampuni chungu nzima ya Ubelgiji. Mwaka uleule jamani! Hata kiti cha ukamishna hakijapoa.

Wenzangu huniambia mzee acha wivu, mtu kamaliza utumishi wake unataka akauze nyanya? Sitaki akauze nyanya. Mi nauliza, alipoingia kule alibeba nini? Hakuwa mhandisi, hakuwa mfanyabiashara. Alibeba watu. Alipokuwa kamishna wa viwanda, chuma cha Ulaya kilikosa soko, 1980 viwanda vikapangiwa kiasi cha kuzalisha, na yeye ndiye aliyekuwa anabanana na mabosi wa chuma. Akaja akawaita wakubwa wa kampuni 12 za elektroniki, Siemens, Philips, Olivetti na wenzao, akawakalisha meza moja, ndipo ikazaliwa ESPRIT 1984, programu ya Ulaya ya utafiti wa teknolojia ya habari. Sasa mtu aliyekukalisha na washindani wako ukatoka na hela za utafiti, kesho akikupigia hutapokea? Unapokea hata uko bafuni. Na urafiki huo wote ulijengwa kwa kodi za wananchi.

Sasa sikilizeni hii, mlioisikia mtulie. Januari 1988 Mtaliano Carlo De Benedetti, bosi wa Olivetti, ndiyo hiyohiyo Olivetti ya kwenye ile meza, kaenda Brussels kumwona René Lamy, mkuu wa Société Générale, na inasimuliwa alibeba boksi la chokoleti. Chokoleti! Ubelgiji! Ni kama kupeleka zawadi ya karafuu Pemba. Halafu kwa upole kabisa kamwambia mwenye nyumba, bwana nina zaidi ya asilimia 18 ya hisa zenu na kampuni naitaka. Na hii haikuwa kampuni ya juzi, ilianzishwa 1822, Ubelgiji wenyewe umepata uhuru 1830, yaani kampuni imeitangulia nchi! Benki, madini, umeme, huwezi kugeuka pale bila kuigusa. Basi wazee wa bodi wakachanganyikiwa, wakatoa hisa mpya haraka haraka ili fungu la yule Mtaliano lipungue, wakafikishana mahakamani, kila mtu anatafuta mwokozi, mwisho wa yote kampuni ya Suez ya Ufaransa ndiyo ikaishika Société Générale na Mtaliano akabaki na hisa zake. Na 1989 mwenyekiti kawa nani? Davignon. Kwa mtazamo wangu hapo hakuna muujiza, wenye mali wapya ni Wafaransa, wanahitaji Mbelgiji ambaye kila waziri anamjua kwa jina.

Kuna mtu pale anatikisa kichwa, anasema ya Wazungu yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana! Société Générale ndiyo iliyokuwa nyuma ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi, tangu 1906, shaba ya Katanga ile, na urani ya Shinkolobwe iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima. Waliochimba ni mababu wa ndugu zetu wa Lubumbashi, Waswahili wenzetu kwa lugha. Migodi ilitaifishwa 1967, lakini Union Minière yenyewe haikufa, leo inaitwa Umicore. Na Davignon kijana alikuwa mwanadiplomasia anayejifunza kazi Congo ilipopata uhuru 1960. Lumumba kauawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwezi wa sita 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji wakaomba Davignon, miaka 92, apelekwe mahakamani kuhusu kukamatwa na kusafirishwa kwa Lumumba, maana kati ya waliotajwa na familia kwenye malalamiko ya 2011 ni yeye tu aliyekuwa bado hai. Ombi la mwendesha mashtaka si hukumu, na mimi si hakimu, msije mkanibandika maneno. Nachosema ni kwamba wanaomwandika wanaanzia 1977 na chuma, Congo wanairuka, halafu wanashangaa jina lake linajulikana Kinshasa.

Upande wa pili nao niuseme, nisionekane nina ugomvi. Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ilipofilisika Novemba 2001, Davignon na mfanyabiashara Maurice Lippens ndio waliozunguka kukusanya wawekezaji, ndiyo hiyo leo Brussels Airlines inayotua Kinshasa, Kigali, Entebbe, Bujumbura. Simu zilezile, kazi nzuri, nampa heko.

Ila sheria je? Kwa kanuni za 2018 kamishna wa Ulaya akitoka anakaa miaka 2 bila kwenda kushawishi wenzake wa zamani kwenye mambo aliyokuwa anayasimamia, rais wa Kamisheni miaka 3. Davignon hakukuta hiyo. Na kwetu balozi akirudi nyumbani anakabidhi gari, anakabidhi nyumba, anakabidhi hadi vijiko, namba za watu anaondoka nazo kichwani na hakuna anayemuuliza. Mimi nataka ziandikwe kwenye makabidhiano, nani anamjua nani, kwa faida gani. Mtacheka, ila nitaendelea kuisema.

Nilitaka pia kumgusa Peter Sutherland, aliyekuwa mkuu wa GATT na WTO, mashirika ya biashara ya dunia, akaja kuwa mwenyekiti wa BP na wa Goldman Sachs International, na yale mambo ya Bilderberg, mikutano ya faragha ya wakubwa wa siasa na biashara, ambayo vijana mnayapenda, ila mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili. Dada wa kule nyuma, maiki hiyo, uliza.