Karatasi ya Dola 500: Wachina wa Kanada

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie utangamano wa wahamiaji wa Kichina katika jamii ya tamaduni nyingi. Nitabaki Kanada, na nitaanza na karatasi.

Ni cheti chenye picha ya kijana aliyeshuka melini mwaka 1910 hivi. Kuna jina lake, kama karani alivyolisikia, na kiasi alicholipa: dola 500. Hiyo ndiyo kodi ya kichwa. Neno hilo wengi wetu tunalijua kwa historia nyingine, lakini kule ulilipa mara moja ili uingie nchini, na walitozwa Wachina peke yao. Ilianza mwaka 1885 kwa dola 50, ikawa 100 mwaka 1900, na kufikia 1903 ikawa 500, karibu mshahara wa miaka miwili. Uangalieni vizuri huo mwaka 1885. Ndio mwaka reli ya Canadian Pacific, ya kuvuka nchi nzima, ilipokamilika. Maelfu ya vibarua wa Kichina walipasua miamba ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, wengine wakafia humo. Reli ilipounganika tu, mlango ukaanza kurudishwa.

Tarehe 1 Julai 1923, sikukuu ya taifa, ukafungwa kwa sheria ya kuwazuia Wachina kuingia. Kwa miaka 24 Wachina walioruhusiwa kuingia hawakufika 50. Wake wakabaki vijijini Guangdong, kusini mwa China, waume wakazeekea vyumba vya kupanga. Hata watoto waliozaliwa Kanada waliandikishwa, wakapewa vyeti vilivyosema wazi kwamba havithibitishi hadhi yao ya kisheria nchini.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema Wachina hupenda kujitenga, huuliza: ukuta aliujenga nani? Katika British Columbia Mchina hakuwa na kura, na bila kura hukuweza kuwa wakili wala mfamasia. Mwaka 1907 umati ulivamia mtaa wa Wachina mjini Vancouver, ukavunja madirisha. Ungekaa wapi, kama si karibu na wanaokujua? Wengine walikwenda kwenye miji midogo ya nyanda za kilimo, wakafungua migahawa, wakawapikia wakulima wa Kizungu nyama ya kuoka na pai. Chakula cha Mchina kililiwa vizuri tu. Kura yake ndiyo haikutakiwa.

Vita Kuu ya Pili ikageuza mambo. Mamia ya vijana wa Kichina walivaa sare za nchi iliyowanyima uraia kamili, na mwaka 1947 sheria ile ya 1923 ikafutwa. Mmoja wa askari hao, Douglas Jung, akaingia bungeni mwaka 1957. Wengi husifu sera ya tamaduni nyingi ya 1971. Mimi naona kazi nzito ilifanywa mwaka 1967, wahamiaji walipoanza kupimwa kwa alama za elimu na ujuzi badala ya rangi. Serikali iliomba radhi mwaka 2006, ikatoa na dola 20,000 kwa waliolipa kodi ile ya kichwa au wajane wao. Waliokuwa bado hai walikuwa wachache wa kuhesabika.

Leo Richmond, kando ya Vancouver, zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Kichina. Yalizuka malalamiko kuhusu mabango ya maduka yaliyoandikwa Kichina kitupu. Baraza la mji halikupiga marufuku. Liliwatuma watu wakazungumze na wenye maduka, mlango kwa mlango, waongeze na Kiingereza.

Karibuni kwa maswali.