Ofseti ya Rimu: Namba Isiyoulizwa Dukani

Mabwana na mabibi, assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumze juu ya rimu za spoti, nami nitashika jambo moja tu, yaani ofseti, kwa sababu wanunuzi wengi hulikumbuka baada ya tairi kuanza kuliwa.

Anayenunua rimu hapa Mombasa huuliza kwanza inchi: ni 15 au 17? Inchi hizo ni kipenyo, na kipenyo hakimwambii gurudumu litakaa wapi chini ya madigadi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso wake unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa kwa bolti. Uso huo ukisogea upande wa nje, huu tunaoutazama gari likipita, ofseti huitwa chanya na gurudumu huingia ndani. Ukisogea upande wa ndani, ofseti ni hasi na gurudumu hutokeza kama mabega ya hamali wa bandarini. Magari madogo mengi yanayotufikia kutoka Japani huwa na ofseti chanya, aghalabu kati ya 35 na 50.

Rimu hii niliyoilaza kifudifudi mezani imeandikwa 17x7J ET45: 17 ni kipenyo na 7 ni upana, zote kwa inchi, na J ni umbo la ukingo. Herufi ET ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe, na 45 ndiyo ofseti yenyewe. Nikilaza rula juu ya ukingo wa nyuma, kisha nikashusha futi hadi kwenye uso wa kufungia, napata milimita 146. Upana wote, ukingo kwa ukingo, ni milimita 202, kwani zile inchi 7 zilizoandikwa hupimwa pale tairi inapokaa, si kwenye ncha za kingo. Nusu ya 202 ni 101. Toa 101 katika 146, inabaki 45. Basi hata rimu iliyopakwa rangi hadi namba ikafutika inaweza kupimwa kwa dakika mbili.

Panapowaponza wengi ni upana. Tuseme gari lina rimu ya inchi 6.5 yenye ofseti 45, nawe unataka kufunga ya inchi 8 yenye ofseti 35. Muuzaji atakwambia tofauti ni milimita 10, na hapo amekosea. Rimu imeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38, ambazo 19 zinakwenda nje na 19 zinakwenda ndani. Kisha ofseti iliyopungua inaisukuma rimu nzima nje kwa milimita 10. Upande wa nje umeongezeka 29, na upande wa ndani 9. Kwa hiyo tairi hiyohiyo yaweza kugusa madigadi na shokabzoba pia, jambo ambalo mwenye gari huwa haamini mpaka aoneshwe alama.

Mimi mwenyewe sikuamini. Nilifunga rimu pana nyumbani, gari likiwa tupu na usukani umenyooka, nikaridhika. Siku ya kwanza kuvuka Likoni, nimepakia watu wanne, pua ya gari iliinama mwisho wa mteremko wa kuingilia feri, springi zikabanwa, nikasikia mkwaruzo na harufu ya mpira. Bega la tairi lilikuwa limechongwa kama kwa patasi.

Wako wanaotibu rimu inayogusa shokabzoba kwa spesa, lile bamba linalotiwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 15 huigeuza ofseti 45 kuwa 30, basi. Lakini nati hupoteza nyuzi za kushika, na ikiwa bolti ni ya milimita 12, nati ishike angalau urefu huohuo. Tena uzito wa gari unakuwa mbali zaidi na beringi, nayo huchakaa mapema, na usukani huvutwa mkononi kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Sipendi spesa, ila sisemi ni haramu.

Idadi ya bolti na tundu la katikati ni mambo mengine, ingawa nayo lazima yalingane.

Kabla hujalipa, omba ufungiwe rimu moja ya mbele ikiwa na tairi yake, upakie watu, ukate usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha upite tuta polepole huku mwenzio ameinama nje akisikiliza. Muuzaji akikataa, rudisha pesa mfukoni.