Mwangwi Unaosikiliza: Gitaa na Kompyuta Jukwaani

Karibuni. Leo tunaifundisha kompyuta kulisikiliza gitaa na kulijibu. Sitaki ule muziki uliorekodiwa ambao mpigaji anaufukuzia tangu mwanzo hadi mwisho.

Chomeka maikrofoni kwenye kadi ya sauti. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, sentimita 20 hivi. Ukiiweka mbele ya tundu, besi itavuma. Vaa hedifoni, maana kwa spika sauti itarudi kwenye maikrofoni na kupiga mluzi.

Fungua Pure Data. Ni programu ya bure ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa waya kwenye skrini, iliyoanzishwa miaka ya 1990 na Miller Puckette, yuleyule aliyeandika Max, programu nyingine ya muziki, pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris. Kwenye mipangilio ya sauti, punguza ucheleweshaji, yaani muda kati ya kupiga na kusikia, kadiri kompyuta inavyohimili. Sauti ikianza kukatikakatika, ongeza kidogo.

Weka kisanduku cha adc~, gitaa linaingilia hapo. Vuta waya hadi delwrite~ mwangwi 2000, yaani kumbukumbu ya sekunde 2. Pembeni weka delread~ mwangwi 700, uiunganishe na dac~, sauti inatokea hapo kwenda hedifoni. Gusa uzi mmoja. Umesikia? Unarudi baada ya milisekunde 700. Ila huo ni mwangwi wa pangoni tu, haumsikilizi mtu.

Sasa toa waya mwingine kwenye adc~ uingie env~, inayopima sauti kwa desibeli. Kilele ni 100. Tazama namba: nikikwaruza kwa nguvu, 85, nikigusa kwa ncha ya kidole, 60. Utunzi unaanzia hapa. Wengi huacha nguvu ilete mwangwi mwingi, na matokeo yake ni kelele juu ya kelele. Mimi nageuza: nguvu ikizidi, mwangwi upungue. Chukua 90, toa namba ya env~, gawanya kwa 40, kisha pitisha kwenye clip 0 1, inayoibana namba kati ya 0 na 1. Jibu lipite line~, inayolainisha mabadiliko, kwa milisekunde 50, la sivyo utasikia tak-tak, halafu lizidishe mwangwi kwa *~ kabla haujafika dac~.

Jaribu hivi. Piga kordi moja kwa nguvu zote, izime papo hapo kwa kiganja, usiguse kitu. Sikiliza... kordi yako inaibuka ndani ya ukimya, nzima, kana kwamba kuna mpigaji wa pili chumbani.

Ukiandika noti zako, liandike na hilo pumziko. Mapigo mawili, na usiyajaze.