Hita ya Gereji: Tazama Mlango Kwanza

ZUHURA: Tuko Minnesota leo, kaskazini mwa Marekani. Gereji ya magari mawili, futi 24 kwa 24, Januari, nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Mtu anataka kufungua injini humo vidole visigande. Kaka Baraka, anunue hita gani?

BARAKA: Asinunue bado. Mlango wa futi 16 kwa 7, bati tupu, ukitaka ndani kuwe nyuzi 10 unapoteza kama kilowati 2 peke yake. Hita ya umeme ya kilowati 5 imeshaliwa karibu nusu, na kuta na dari hazijadai chao.

ZUHURA: Na ukiona mwanga chini ya mlango?

BARAKA: Badilisha ule mpira wa kuziba chini ya mlango kabla ya kitu chochote. Halafu visha mlango foamu, jaza dari sufi ya kuzuia baridi. Ndipo tuzungumze hita.

ZUHURA: Haya, tuzungumze. Zile ndogo za wati 1500 za kuchomeka kwenye soketi?

BARAKA: Zinapasha miguu, dada. Basi.

ZUHURA: Ya kilowati 5 je?

BARAKA: Kwa volti 240 inavuta karibu ampea 21. Kwa kuwa inawaka saa nyingi mfululizo, ongeza robo: 26. Kwa hiyo brekaa ya 30, waya wa shaba wa geji 10, yaani unene wake. Balaa huanza mtu akileta ya kilowati 7.5 kwenye laini hiyo hiyo. Brekaa inaruka, anaweka ya 40, waya anauacha ule ule. Sasa kinachopata moto ni waya, ndani ya ukuta, na brekaa imenyamaza.

ZUHURA: Anayeshinda gerejini kila siku?

BARAKA: Gesi ya bomba, kama ipo. Kufunga ni ghali, kuwasha ni nafuu. Ya BTU 45,000 kwa saa, kipimo cha joto linalotolewa, inatosha gereji hiyo. Chagua inayovuta hewa kutoka nje kwa bomba lake, hasa ukipiga randa au rangi. Na kinachowasha moto kikae angalau inchi 18 juu ya sakafu, maana mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa chini.

ZUHURA: Wengine huweka hita isiyo na bomba la moshi, ya propani, gesi ya mtungi.

BARAKA: Kila lita ya propani ya majimaji ikiungua hutoa karibu lita 0.8 za maji. Yanaenda wapi? Kwenye spana zako. Kutu! Na hapo sijataja monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu.

ZUHURA: Kengele ya kuonya gesi hiyo ifungwe wapi?

BARAKA: Ndani ya nyumba, karibu na mlango wa kuingilia gerejini. Ukiifunga gerejini kwenyewe, kila ukiwasha gari italia, na kengele inayolia ovyo mwisho wake ni kutolewa betri.