Kupogoa si kung'oa

Mbukwenyi! Ahsanteni. Naona walioko nyuma wanatabasamu, maana haya walinisikia nikiyasema mwaka jana, na mwaka juzi pia. Leo mtayasikia tena. Siku nikiona yamewaingia, nitabadilisha mada.

Ndugu mwenyekiti kanipa kazi ya kueleza kupanda na kushuka kwa studio ya katuni ya Disney. Habari za Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi, sitazirudia, mnazijua. 1937 Snow White, watu wanamcheka kabla haijatoka na wanapanga foleni ilipotoka. Vita inafunga soko la Ulaya, Pinocchio na Fantasia za 1940 zinakula hasara. 1941 wachoraji wanagoma. 1950 Cinderella inawanyanyua. 1966 mzee anafariki. Haya, tumemaliza. Mimi naanzia panaponiuma, 1985.

Ila kwanza pitisheni hili. Ni kaunta buku la kawaida, karatasi 96. Kwenye kona ya chini ya kila karatasi nimechora ng'ombe anainua kichwa na kutikisa sikio kufukuza nzi. Shika hivi, achia kurasa kwa dole gumba. Umeona? Sikio linacheza. Sasa filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde. Maana yake daftari zima, jioni zangu za wiki tatu, ni sekunde nne. Lipitisheni taratibu, na mwenye sambusa afute mikono kwanza.

Basi mwaka 1985 studio hiyo ilitoa filamu inaitwa The Black Cauldron. Dola milioni 44, katuni ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa hadi wakati huo. Marekani ikaingiza milioni 21. Yaani ilibuma. Na aibu yenyewe ni kwamba mwaka huohuo ilipitwa kwa mauzo na filamu ya vidubu vya rangirangi, Care Bears, iliyotengenezwa na studio ya Kanada kwa pesa ndogo.

Lakini kabla haijabuma kuna jambo lilitokea chumba cha uhariri. Mwaka 1984 walikuja viongozi wapya, Michael Eisner na Jeffrey Katzenberg, wote kutoka Paramount. Huko walizoea filamu za waigizaji. Unapiga picha nyingi, halafu unakaa unakata. Katzenberg akaitazama hii, akaona inatisha mno, akaagiza ikatwe. Zikaondoka dakika kama 12.

Nani ana kikokotoo? Dakika 12 ni sekunde 720. Daftari langu ni sekunde nne. 720 gawanya kwa nne. Kaunta buku 180! Zirundike hapa mezani, mwenyekiti hatumuoni. Na pale hakuna cha kusema tutarudi kupiga picha nyingine, kila karatasi mtu alikaa akaichora, mwingine akaisafisha, mwingine akaipaka rangi.

Najua kuna kijana hapa amesoma, ataninyooshea kidole aseme mzee, mara nyingi mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Sawa baba, nakupunguzia nusu. Baki na daftari 90 halafu niambie kama usingizi utakuja.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mhasibu. Filamu imekula hasara, wakosoaji wamegawanyika, watoto wanapenda vidubu. Ungefanya nini? Ungefunga. Na wapo waliodhani ndiyo mwisho. Wachoraji walitolewa kwenye jengo lao la Burbank, jengo ambalo madirisha yake yalipangwa kwa ajili ya mwanga wa kuchorea, wakapelekwa Glendale kwenye majengo yaliyokuwa maghala. Mtu akikutoa nyumba uliyojengewa akakuweka ghalani, unajua barua iko njiani.

Barua ya kufunga haikuja. Roy E. Disney, mtoto wa kaka yake Walt, aling'ang'ana kitengo kibaki, akakisimamia mwenyewe.

Ndugu zangu wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo, hapa Dodoma, nyie sihitaji kuwaeleza. Mgeni akipita shamba la zabibu likiwa limetoka kupogolewa anaona vijiti vikavu kwenye waya, anatikisa kichwa, masikini, shamba limekufa. Wewe umeegemea jembe unamtazama tu, unajua miezi michache mbele unavuna.

Na shina lilikuwepo. Ghalani mle walikuwemo vijana waliofundishwa kwa mkono na Eric Larson, mzee aliyeingia studio ile mwaka 1933, na ambaye miaka ya 1970 alipewa kazi ya kulea wapya. Mwaka 1986 walitoa filamu ndogo ya panya mpelelezi, milioni 14, chini ya theluthi ya ile iliyobuma, ikaleta faida ya kupumulia. Wawili kati ya walioiongoza, Ron Clements na John Musker, ndio walioongoza The Little Mermaid ya 1989. Vidole vilevile! Mwaka 1991 Beauty and the Beast ilionyeshwa kwenye tamasha la New York haijaisha, sehemu nyingine ni mistari ya penseli tupu inasogea, watu wakasimama wakapiga makofi. Ikawa katuni ya kwanza kushindania Oscar ya filamu bora.

Halafu 1994, The Lion King. Msinizomee, najua mnangoja hakuna matata, na ndiyo, waliisajili Marekani kuwa alama ya biashara kwa ajili ya nguo, na ndiyo, inakera, na hapana, leo siijadili, tutalala hapa. Ninachotaka mkijue ni kwamba ndani ya studio filamu hiyo ilionekana ya daraja la pili. Wakubwa waliweka matumaini kwa filamu nyingine, Pocahontas, na wachoraji wengi wenye majina wakakimbilia huko. Walioachiwa simba wakaleta zaidi ya dola milioni 700. Pocahontas haikufika nusu.

Mwaka 2002 sasa. Treasure Planet, dola milioni 140, duniani kote ikarudisha kama 110. Hasara tena, kama 1985, ila safari hii walishika jembe. Studio ya Paris ikafungwa, ya Tokyo ikafungwa, ya Florida ikafungwa Januari 2004. Meza za kuchorea zikaondoka. Sababu tuliyoambiwa ni kwamba watazamaji wamechoka na penseli, wanataka kompyuta.

Hapo ndipo ninapopandisha sauti. Mwaka huohuo wa 2002 Lilo & Stitch ilikuwa kwenye kumbi. Penseli. Mandhari yake ilipakwa kwa rangi za maji, mtindo ambao studio haikuwa imeutumia kwenye filamu tangu miaka ya 1940. Iligharimu milioni 80, ikaingiza zaidi ya 270. Na ilichorwa wapi? Florida! Tawi lililozaa ndilo lililong'olewa.

Mzee mmoja aliwahi kunisimamisha, akasema, mwanangu, hata karanga za Kongwa zilikuwa na watetezi. Waingereza walimwaga pale pauni milioni 36 na ushee, 1951 wakafunga, ulitaka waendelee? Hapana mzee wangu. Kongwa mvua ilikataa, udongo ukakataa, na kilichovunwa kilikuwa kidogo mno. Florida walikuwa wameshavuna, debe limejaa liko mezani, wakang'oa hivyohivyo.

Mwaka 2006 wakainunua Pixar, studio ya katuni za kompyuta, kwa dola bilioni 7.4. Nani akapewa kuongoza ubunifu? John Lasseter, mchoraji ambaye Disney hiyohiyo ilimfukuza mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana anayepigia debe kompyuta. Kwa hiyo hata kabla ya ghala la Glendale walikuwa na mazoea. Akaja akawaita Clements na Musker, waliokuwa wameshaondoka, wakatoa The Princess and the Frog 2009. Iliuza vizuri kiasi, haikutikisa dunia, na baada ya muda mfupi penseli ikawekwa pembeni.

Mnajua kwa nini nakasirika na jambo la watu wa mbali? Tulikuwa wanne, hapahapa mjini. Tulichora tangazo la afya, dakika moja na nusu. Mteja, simtaji, akachelewesha malipo miezi minane. Tukauza kompyuta mbili, tukatawanyika. Pesa ilikuja. Tukapigiana simu. Mmoja alikuwa ameshaajiriwa Mwanza, mwingine anaandika mabango ya maduka ya miamala, na anayaandika vizuri kweli, herufi zake zinakaribia kutembea. Wa tatu hakupokea. Kompyuta ningenunua nyingine wiki ileile.

Naona karatasi ya mwenyekiti, dakika tano. Zilizobaki nazipitia mbio. Frozen 2013, zaidi ya bilioni moja, mabinti zenu wanaijua kuliko mimi. Strange World 2022, hasara kubwa. Moana 2 ya 2024 ilianza ikiwa mfululizo wa kutazamia nyumbani, ikageuzwa filamu ya kumbi, wakosoaji wakaguna, ikapita bilioni moja. Kuhusu mitambo inayochora yenyewe nilikuwa na kurasa tatu, nazikunja, nikianza hiyo hatutatoka. Kuhusu mikopo ya vijana, mwenzangu wa kesho atasema, ana takwimu na ana upole.

Maswali nayapokea. Lakini kwanza daftari langu lirudi mbele, naliona safu ya tatu, dada mwenye kitenge cha bluu. Nani ameongezea ng'ombe miwani?