Coley, nimechoka

Haya jamani, karibuni, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Aliyekuja kuonja asubiri mpaka tumalize, maana leo nimekuja kumwongelea mtu aliyesimama nyuma ya kaunta miaka zaidi ya 20 na wateja wakampenda kweli kweli, Ada Coleman, ila wenyewe walikuwa wanamwita Coley tu.

Kazaliwa kama 1875 hivi, huko Uingereza. Baba yake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya gofu ya familia yenye mahoteli, mzee akafariki, binti akatafutiwa kazi hotelini kwao London, Claridge's, mwaka 1899. Kokteli ya kwanza kufundishwa ni Manhattan. 1903 akawa mkuu wa kaunta pale American Bar, baa ya hoteli ya Savoy, hapo hapo London, na huo ulikuwa mji ambao wanaume wenye pesa wakitaka kunywa vizuri wanaenda hapo, halafu anayewachanganyia ni mwanamke.

Hapo nisimame kidogo. Sisi tuna neno baamedi, na mnajua linavyotamkwa, yaani kama mtu anatema kitu. Msidhani ni sisi tu. Mwaka 1948, Ada keshastaafu zamani, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali iendelee sheria ya jimbo la Michigan kwamba kwenye miji mikubwa mwanamke haruhusiwi kuhudumu kaunta labda awe mke au binti wa mwanaume mwenye baa. Mwenye baa mwenyewe akiwa mwanamke je? Hata huyo hakuruhusiwa, wala binti yake! Mimi nikisoma vitu kama hivi nachoka.

Sasa tuje kwenye kuchoka kwenyewe. Kulikuwa na mteja mmoja, Charles Hawtrey, muigizaji mkubwa wa vichekesho jukwaani, ndiye aliyemlea kisanii Noël Coward, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Kiingereza, tangu yuko mtoto, na mnajua watu wa kuchekesha wengine, wakitoka jukwaani wamekauka kabisa. Anaingia, anakaa, anamwambia Coley nimechoka, nipe kitu chenye nguvu nguvu kidogo. Wengi wetu hapo tungeongeza jin tu mambo yaishe, si ndio? Yeye hakufanya hivyo, alikaa masaa anajaribu hiki anamwaga, anajaribu kile anamwaga, mpaka siku mzee anarudi tena akakuta kitu kipya kinamsubiri.

Kilivyo ni hivi: jin na vermouth, ile divai ya mitishamba, nyekundu ile tamu, nusu kwa nusu, halafu Fernet-Branca, ile ya Waitaliano, nyeusi nyeusi ya mitishamba, chungu kama shubiri, unatikisia mara mbili tu basi, ukizidisha umeshaharibu glasi nzima. Unachanganya na barafu, unachuja, unachukua ganda la chungwa unaliminya juu yake mpaka yale mafuta yaruke, ukiinama hivi unayaona yanaelea. Hawtrey akaonja, akamalizia glasi yote, akasema hii sasa ndio Hanky Panky yenyewe, ambalo kwa Kiingereza cha wakati ule lilikuwa neno la mazingaombwe, na jina likaganda hapo hapo.

Mwisho wa 1925 baa ikafungwa kwa ukarabati, Ada akaondoka. Kaunta ikabaki kwa Harry Craddock, ambaye alikuja 1920 akikimbia Marekani maana kule pombe ilipigwa marufuku, na 1930 Harry akatoa kitabu cha vinywaji vya Savoy, Hanky Panky imo. Ndio maana Harry watu wanamjua sana. Ada hakuwa na kitabu, aliishi zake kimya mpaka 1966, umri umeshapita 90.

Hiki kisa cha Hawtrey tunacho kwa sababu Ada mwenyewe alilisimulia gazeti moja mwaka ule ule wa 1925, na mimi kinachonikaa kichwani ni hesabu ndogo tu: Hawtrey alifariki 1923. Yaani mteja yuko kaburini miaka miwili, waliopita pale kaunta hawahesabiki, na bado Coley anakumbuka yule mtu aliingiaje, alikuwa kachoka vipi na alisema maneno gani.

Haya, waliosema wanataka kuonja wasogee mbele, chungwa ninalo.