Kugeuza kauli katika sentensi za Kiingereza zenye dua na matamanio

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie namna ya kugeuza kauli ya kutenda kuwa kauli ya kutendwa katika zile sentensi za Kiingereza zinazobeba dua, heri au matamanio. Wengi wetu tulizoeshwa kugeuza sentensi za taarifa. "The boy kicked the ball" inakuwa "The ball was kicked by the boy": yambwa, yaani kinachotendewa ("the ball"), inapanda mbele na kuwa kiima, yaani kile kinachotangulia kitenzi, mtenda anarudi nyuma akitanguliwa na "by", na kitenzi kinachukua "be" (hapa "was") pamoja na umbo lake la tatu (hapa "kicked"). Kanuni hiyo ni sahihi, lakini mwanafunzi akiipeleka ilivyo kwenye sentensi ya dua hukwama, kwa sababu humo mna mambo mawili yaliyoshikana, yaani tendo lenyewe na matakwa ya msemaji juu ya tendo hilo. Kinachogeuzwa ni tendo, matakwa hayaguswi.

Nitoe mfano mmoja kutoka katika daftari nililowahi kusahihisha. Sentensi iliyotolewa ilikuwa "May God help him", na mwanafunzi akaandika "May he is helped by God". Ukiitazama kwa haraka utaweka alama ya kosa na kupita, ilhali mwanafunzi huyo alikuwa amefanya karibu kila kitu kinachotakiwa. Aliibakiza "may" mwanzoni, akageuza "him" kuwa "he" kwa kuwa sasa ni kiima, akapata "helped", akamweka mtenda mahali pake. Kilichomwangusha ni neno moja tu, "is", ambalo ni la kutoa taarifa. Dua haitoi taarifa, na kwa hiyo inataka "be" tupu: "May he be helped by God".

Nilipomweleza kwa istilahi za sarufi hakunielewa. Nilipomrudisha kwenye Kiswahili alielewa papo hapo. Tunasema "Mungu amsaidie", na tukiigeuza tunasema "Asaidiwe na Mungu". Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili ambaye, akiwa anaomba dua, atasema "Anasaidiwa na Mungu", kwa maana hapo atakuwa anaeleza jambo linaloendelea. Irabu "e" ya mwisho ndiyo inayobeba dua, nayo haiondoki hata kinyambuo cha kutendwa kinapoingia. Katika Kiingereza kazi hiyo ya "e" inafanywa na "may" pamoja na kitenzi kisichobadilishwa umbo, na ndiyo maana vyote viwili hubaki baada ya kugeuza.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua uko katika Sala ya Bwana. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "Hallowed be thy name", na sisi tunasema "Jina lako litukuzwe". Zote mbili ni dua zilizo katika kauli ya kutendwa. Sentensi hiyo ya Kiingereza cha zamani haina hata "may". Alama pekee inayotujulisha kwamba hii ni dua ni ile "be" iliyosimama mahali ambapo taarifa ingeweka "is". Mara tu baada ya hapo inafuata "Thy kingdom come", yaani "Ufalme wako uje", na hapa hakuna cha kugeuza, kwa kuwa kitenzi cha kuja hakina yambwa ya kupandisha mbele. Kwa sababu hiyohiyo "May you live long" na "Long live the king" hubaki zilivyo, na mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kuzitafutia umbo ambalo halipo.

Hapa Mswahili anahitaji tahadhari ya pekee, kwa maana lugha yetu ina uwezo ambao Kiingereza hakina. Kutoka kufa tunapata kufia, na kutoka kufia tunapata kufiwa, hata mtu akasema amefiwa na baba yake. Kitenzi "die" hakiendi huko kabisa.

Sasa tuje kwenye "wish", ambako ndiko makosa yanakojaa. Chukua sentensi "I wish they had invited me". Wapo wanaokimbilia kitenzi cha kwanza wanachokutana nacho na kuandika "It is wished by me that they had invited me". Hiyo si Kiingereza kinachosemwa na watu, na isitoshe tendo la kualika limeachwa bila kuguswa. Jibu ni "I wish I had been invited". Kishazi kikuu "I wish" kimebaki, "had" imebaki kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba nafasi imekwisha kupita, na kilichogeuka ni kualika peke yake. Vivyo hivyo "I wish they paid us well" inakuwa "I wish we were paid well", na "I wish someone would repair this road" inakuwa "I wish this road would be repaired". Katika zote tatu mtenda ameondolewa kwa kuwa "they" na "someone" hazitujulishi ni nani hasa. Kiima kikiwa cha umoja, uandishi rasmi hupendelea "were", kama katika "I wish the truth were known", ingawa katika mazungumzo "was" husikika sana.

Kitenzi "hope" kina tabia tofauti, kwani chenyewe kinaweza kugeuzwa. "We hope that the committee will approve the plan" inaweza kuwa "We hope that the plan will be approved by the committee", na pia inaweza kuwa "It is hoped that the committee will approve the plan". Ya pili utaikuta mara nyingi katika barua za ofisi, na humficha yule anayetumaini.

Tena si kila kinachogeuzika kinafaa kugeuzwa. "I wish I could play the piano" ni mtu anayetamani kuwa na ujuzi. Ukiandika "I wish the piano could be played by me", sarufi itakuruhusu, lakini matamanio yamehama kutoka kwa mtu yakaenda kwenye kinanda. Mimi binafsi singeliweka swali hilo katika mtihani.

Ugeuzaji unaofaa huonekana katika sentensi kama "I wish they had told me", ambayo kwetu ni "Laiti wangaliniambia". Ukiigeuza unapata "I wish I had been told", yaani "Laiti ningaliambiwa": "laiti" imebaki, "ngali" imebaki, kama vile "wish" na "had" zilivyobaki. Anayesema ya kwanza ana watu anaowalaumu mbele yake. Anayesema ya pili amewaondoa watu hao katika sentensi, na kilichobaki ni yeye na habari ambayo haikumfikia.